Gari la Kukodi Lifike Usevya

Wasomaji wetu wa visiwani wanalifahamu vyema jambo hili. Mgeni wa ng'ambo akikodi gari Mjini Unguja asubuhi, hadi jioni amekwisha kula samaki Jambiani, kunywa dafu Makunduchi na kununua mkoba wa ukili mkononi mwa aliyeusuka. Fedha yake imefika shamba bila ya kupita mikono mingi.

Mkoani Katavi mambo ni kinyume. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ina kilometa za mraba 4,471. Wakati wa kiangazi, maji ya mto Katuma yapunguapo, viboko hubanana kwa mamia katika madimbwi ya tope, nao mamba hujificha katika mapango ya kingo. Wageni wengi huja kuyatazama hayo kwa ndege ndogo. Hutua humo humo hifadhini, hulala kambini, kisha huruka. Usevya, kata ya wakulima iliyo upande wa kusini, huwajua wageni hao kwa mlio wa ndege tu. Ilhali vijiji vinavyopakana na hifadhi ndivyo vinavyokesha kulinda mazao yasiliwe na wanyama hao hao. Hatuoni haki hapo.

Mpanda panafikika kwa ndege, kwa reli itokayo Kaliua na kwa basi. Kutoka hapo hadi Sitalike ni kilometa 35 hivi, na njia ya Ikuu humvusha msafiri hifadhini hadi Kibaoni na Usevya. Kinachokosekana ni gari. Magari mengi ya kukodi hutolewa Dar es Salaam na Arusha, na anayelichukua huko hulilipia siku kadhaa za njiani kabla hajamwona hata swala mmoja.

Wako wanaosema kwamba mgeni hawezi kujiendesha mwenyewe katika nchi hii. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mbung'o wa Katavi hawabishi hodi dirishani. Masika hugeuza udongo mweusi kuwa mtego. Na Mfaransa aliyezoea kushika kulia atajikuta anatakiwa kushika kushoto. Lakini dawa ya hayo ni gari madhubuti lenye kuvuta magurudumu yote manne, tairi mbili za akiba, sepetu, maji ya kunywa, na kijana wa Mpimbwe mwenye leseni anayezijua njia, ambaye atalipwa ujira wake. Hifadhini mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa, iwe kwa mgeni au kwa mwenyeji.

Zanzibar humtaka mgeni awe na kibali cha kuendesha gari, na utaratibu huo ni mzuri. Lisilopendeza ni manung'uniko ya wageni kwamba husimamishwa kizuizi baada ya kizuizi, karatasi zile zile zikikaguliwa upya. Ugonjwa huo usivushwe bahari. Karatasi zikaguliwe mara moja Mpanda, stakabadhi itolewe, na mgeni aachwe aende zake.

Tunaishauri Serikali ya Mkoa ikae na Halmashauri ya Mpimbwe na wenye magari wa Mpanda kabla ya kiangazi kijacho. Magari matatu au manne yanatosha kuanzia. Na pale njia panda ya Kibaoni paandikwe kwa herufi kubwa: Usevya, chakula na malazi.