Mashine Haijafa, Skrini Ndiyo Nyeusi

Jamani, wiki iliyopita niliingia stoo ya kituo chetu kubeba viti. Nikakuta kompyuta 9 za mezani zimepangwa ukutani, kila moja imebandikwa karatasi: MBOVU. Nikauliza, mbovu wapi? Jibu: "Haionyeshi kitu." Uchunguzi wote ndio huo. Na darasa la kompyuta limefungwa tangu mwezi wa 3, vijana tuko tunangoja "zije mpya".

Mimi nasema wazi: kuandika MBOVU bila kupima ni uvivu. Mtoto akiwa na homa humwandikii cheti cha kifo. Skrini nyeusi ni dalili tu.

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine iko hai, basi shuku skrini au kebo. Chomoa kebo ya VGA, ile ambayo kichwa chake mara nyingi ni cha buluu, uangalie pini. Zina nafasi 15, na kebo nyingi hutoka kiwandani bila pini ya 9, hiyo isikutishe. Ila pini moja ikipinda, rangi zinaharibika au picha inapotea kabisa. Halafu mulika kioo kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu kwa mbali, kilichokufa ni taa ya ndani ya skrini.

Caps Lock haijibu? Zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, rudisha mpaka ibane. Vumbi la kambi mnalijua wenyewe.

Onyo: skrini za zamani zenye mgongo mkubwa usifungue, wala lile boksi la umeme ndani ya mashine. Hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Niliomba nijaribu 3. Mbili ziliwaka kabla ya saa sita mchana: moja RAM, nyingine pini niliyonyoosha kwa kibano. Ya tatu ilikataa, kapasita zake zimevimba. Hiyo kweli mbovu, na sasa tunajua kwa nini. RAM yake itasaidia nyingine.

Kaka na dada wa mashirika, fomu zenu zina mstari wa "vifaa vipya", hazina mstari wa bisibisi. Mnasema tutaharibu. Kitu mlichokwisha kuandika mbovu, tutakiharibu vipi tena?

Na sisi vijana tusijifiche. Karatasi zile tulipita tukizisoma miezi yote, hakuna aliyeuliza. Tumezoea kusema "wataleta". Nani kasema lazima waleta wawe wao?

Zimebaki 6. Naomba ufunguo wa stoo Jumamosi asubuhi. Anayetaka kujifunza aje, na asisahau raba.