Kila Kitongoji na Daftari Lake la Vibarua

Ndugu zangu wa Same, wa milimani na wa tambarare, nina ombi moja. Kabla ya mkutano mkuu ujao wa kijiji chako, kitongoji chenu kiwe kimeandika kwenye daftari nani alifanya kibarua gani mwaka huu, kwa siku ngapi, na alilipwa nini.

Kwa kipimo cha kimataifa cha ajira, mtu aliyefanya kazi ya kujipatia kipato kwa saa moja tu ndani ya wiki anahesabiwa kuwa ana kazi. Kipimo hicho kinafaa wanaolinganisha nchi na nchi. Lakini mchukue mama anayeshuka kutoka vijiji vya mlimani kwenda kupandikiza mpunga Ndungu, kwenye ile skimu ya hekta 680 iliyojengwa kwa msaada wa Japani. Anaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, anainama majarubani hadi jua la utosi, analipwa kwa eneo alilomaliza. Kupandikiza kukiisha atasubiri palizi, kisha kuamia ndege, kisha kuvuna, na wakati wa kuvuna malipo yanaweza kuwa debe la mpunga badala ya fedha. Katikati ya kazi hizo zipo wiki nzima ambazo haitwi na mtu yeyote. Ukimuuliza Jumatatu ya msimu, ana kazi. Ukimuuliza mwezi mmoja baadaye, hana. Ni mama yule yule, na watoto ni wale wale.

Kijana anayekata mkonge au kupakia jasi Makanya anaishi hivyo hivyo. Anayebeba magunia ya tangawizi Mamba Myamba naye anaishi hivyo hivyo. Nasi tunaokaa nao, tukiulizwa kijiji chetu kina siku ngapi za kibarua kwa mwaka na miezi ipi ni mikavu, hatuna jibu. Tuna maneno tu.

Hapo ndipo tunapoumia, kwa sababu misaada ya umma inahitaji jibu hilo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini umefikia kaya zaidi ya milioni moja nchini. Sote tunaujua unavyokwenda: kuna ruzuku, ambayo sehemu yake inategemea watoto kwenda shule na kliniki, na kuna ajira za muda, ambapo mtu mmoja kutoka kaya ya mlengwa anaweza kufanya kazi za kijiji hadi siku 60 kwa mwaka na kulipwa ujira. Majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji, yanapelekwa kupimwa, kisha yanarudi kijijini kuthibitishwa. Miradi ya ajira za muda nayo huanza na sisi kusema tunataka nini.

Sasa niambieni ukweli. Ni wangapi kati yetu tulikuwepo siku majina yaliposomwa? Na wangapi tulisikia habari hizo baadaye gengeni, tukalalamika kwamba fulani ameingizwa na fulani ameachwa? Malalamiko mengine ni ya haki kabisa. Lakini lalamiko lisilo na hesabu halimsaidii mjane aliyeachwa. Ukisimama mkutanoni ukasema, "Kaya hii ilipata siku 40 za kibarua mwaka mzima, na daftari la kitongoji ni hili hapa," mwenyekiti na mtendaji watalazimika kukujibu.

Na kuhudhuria kuna faida inayopimika. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio ya ruzuku katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji vilikuwa 80, nusu yake vikianza kupokea na nusu vikisubiri ili matokeo yalinganishwe. Watafiti David Evans, Brian Holtemeyer na Katrina Kosec walikuta kwamba ruzuku iliongeza imani ya watu kwa viongozi wao wa kuchaguliwa. Wananchi waliona viongozi wanawasikiliza zaidi na ni waaminifu zaidi, na mabadiliko hayo yalikuwa makubwa zaidi pale ambapo mikutano ya kijiji ilikuwa mingi tangu mwanzo. Mimi nasoma hapo kwamba fedha peke yake haijengi kijiji. Inakijenga pale inapokuta watu wamezoea kukaa pamoja, kuuliza na kujibiwa.

Sisi Wapare tuna historia yetu katika jambo hili. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka kwa maelfu hadi Same kupinga mbiru, kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu. Profesa Isaria Kimambo aliandika habari zake, na zinastahili kusomwa na kila kijana wa wilaya hii na ya Mwanga. Wazee hawakukataa kulipa kodi. Walikataa watu wachache kukaa na kukadiria utajiri wa kila mwenye nyumba bila kueleza wamepimaje. Walipokezana kukaa Same kwa miezi, wengine wakirudi kulima na wengine wakija, na baadaye wanawake wa Usangi wakaingia katika mapambano hayo. Wao walitaka kujua utajiri wao umepimwaje. Leo umaskini wetu unapimwa, na swali lile bado lina haki ya kuulizwa. Safari hii hatuhitaji kuandamana. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imemfanya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua, nalo ni msaragambo, kazi ya wote isiyo na posho. Ajira za muda zimeleta ujira, na ujira ni jambo jema. Lakini tumeanza kusikia vijijini, "Wanaolipwa ndio wafanye." Tazameni ndiva zetu, mabwawa yetu madogo ya kumwagilia. Jioni mlango unazibwa, maji ya kijito yanakusanyika usiku kucha, asubuhi mwenye zamu anazibua na maji yanashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Hivyo ndivyo Bangalala, Vudee na vijiji vingine vimelima katika nchi yenye mvua za kubahatisha. Ndiva isipotolewa tope kila mwaka, kina kinapungua, zamu zinakuwa fupi, na anayeumia kwanza ni aliye mwisho wa mfereji. Ndiva imelindwa na msaragambo. Kazi hiyo ikiachiwa walengwa wa TASAF peke yao, siku mradi ukifika mwisho nani atashika sepetu?

Kwa hiyo tuzigawe kazi za kijiji kwa makusudi. Kazi kubwa zinazotaka siku nyingi mfululizo, kama kuchimba makinga maji kwenye miteremko au kukarabati banio lililobomoka, tuzipendekeze ziwe ajira za muda, na ziwekwe katika miezi ambayo daftari linaonyesha hakuna kibarua. Tangu maporomoko ya udongo ya Goha ya Novemba 2009, yaliyotuulia ndugu zetu, hakuna wa Same mlimani anayehitaji kuelezwa umuhimu wa kuzuia maji ya mteremko. Kusafisha mifereji na kutoa tope la kila mwaka kubaki msaragambo wa kila mtu, mlengwa na asiye mlengwa, mwalimu, mwenye duka na mchungaji.

Daftari lenyewe halina ugumu. Daftari moja kubwa la mistari linatosha, na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wa kupita nyumba kwa nyumba pamoja na balozi. Waandike kazi, mwezi, idadi ya siku, na malipo yalikuwa fedha au mazao. Wasiulize mtu ana kuku wangapi, na wasisome jina la mtu hadharani bila ridhaa yake. Mkutanoni itangazwe jumla ya kitongoji, na anayetaka kutetea jina lake atumie ukurasa wake. Akina mama waulizwe wenyewe, maana siku zao nyingi za kibarua huwa hazimo katika hesabu ya mwenye nyumba. Walimu wetu na wanafunzi wa vyuo walioko likizo wasaidie kujumlisha.

Nawaomba na nyinyi wana wa Same mlioko Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Mnachangia misiba na harusi bila kuchoka. Changieni na daftari, kalamu na nauli ya hao vijana.

Mwulize mtendaji wako leo mkutano mkuu wa kijiji ni tarehe ngapi. Akikwambia haijapangwa, mwombe mwenyekiti aipange, na uende na majirani zako kuomba.