Ukituma pesa kutoka mgodini, tuma na ukweli

Kama unaishi Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu ama Maua, labda unamjua kijana mmoja aliyepanda gari la Isiolo na kibegi kidogo, akasema tu anaenda "kutafuta". Hakusema wapi. Baada ya siku mbili mkasikia ako Moyale, kwenye dhahabu.

Leo tuongee kuhusu kile anachoandikia watu wa nyumbani akifika huko.

Barua za posta ziliisha. Siku hizi barua ni meseji ya M-Pesa, sauti ya WhatsApp na picha. Binamu yangu aliondoka Januari 2024 akaenda Hillo, kule Dabel, kaunti ya Marsabit, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kwa miezi minne alituma pesa mara tatu: Sh2,000, Sh5,000, halafu Sh1,500. Maneno yalikuwa yale yale: "Mum niko poa, kazi iko, Mungu ni mwema." Akatuma na picha ameshika jiwe, anacheka. Shangazi aliionyesha kila mtu kanisani.

Mengine tuliyajua aliporudi. Alikuwa analala chini ya karatasi ya nailoni. Maji ni ya kununua kwa mtungi. Kamba aliyoshukia shimoni ilishikwa na msee ambaye hata jina lake kamili hakulijua. Na zile Sh1,500? Fuliza. Mwezi huo hakupata hata punje, lakini aliogopa nyumbani wakijua.

Sasa sikiza. Machi 2024 serikali ilisimamisha uchimbaji Hillo baada ya fujo zilizoua watu. Wengi hawakutoka. Mei mwaka huo huo, mvua ikiwa kubwa, shimo likaporomoka na kuua watu wasiopungua watano. Habari zikafika Embu kwa simu. Shangazi akapiga namba ya kijana wake, imezimwa. Akapiga tena usiku kucha, imezimwa.

Ndio tukagundua hatujui kitu. Hatukujua anachimba shimo gani, la nani, na nani. Hatukuwa na namba hata moja ya mtu wa huko. Tulikuwa na picha ya jiwe tu. Siku ya tatu akapiga mwenyewe: simu haikuwa na chaji. Sisi tulikuwa na bahati. Lakini kuna mama mahali ambaye simu yake haikulia.

Usidhani nakuambia usiende. Watu wa huku tunajua kwa nini vijana wanapanda gari. Uingereza ilifunga mlango wa miraa mwaka 2014. Somalia ikafunga soko Machi 2020, na shehena hazikurudi hadi Julai 2022. Mei 2024, mwezi ule ule shimo la Hillo lilipoporomoka, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikapiga marufuku muguka ya Mbeere. Ukiwa na miaka 22 na shamba la baba limegawanywa kwa ndugu watano, dhahabu ya Moyale haikai kama wazimu. Inakaa kama kazi.

Shida yangu ni uongo, na nausema nikijijua. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilikaa muhula mzima nikimwandikia mama "niko kwa mitihani". Sikuwa mwongo kwa kupenda. Kila nikipigiwa, swali lilikuwa moja: unamaliza lini? Hakukuwa na nafasi ya jibu lingine. Na wewe uliye nyumbani, kagua meseji zako kwa yule kijana wa mgodi. Ukikuta "tuma kitu kidogo" mara kumi na "unalala wapi?" hata mara moja hakuna, basi ule uongo mmeuandika pamoja.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1896 dhahabu ilipatikana Klondike, kaskazini ya Kanada. Watu kama 100,000 walifunga safari. Waliofika ni kati ya 30,000 na 40,000, na waliopata dhahabu ni wachache sana. Barua zao zilichukua wiki na hata miezi kufika, kwa hivyo mama akisoma "niko salama" angeweza kuwa anasoma maneno ya marehemu. Lakini hata wakati ule, polisi wa Kanada hawakukuruhusu kuvuka kama huna chakula cha mwaka mzima. Kwetu, lami imefika mpaka Moyale, meseji inafika kwa sekunde, na bado mtu anaingia shimoni hakuna anayejua.

Serikali nayo isijifiche. Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu Mkenya mtu mzima kupata kibali cha mchimbaji mdogo, cha miaka mitatu. Kufunga mgodi kwa tangazo na kuacha vibali kwenye karatasi kunawasukuma vijana kuchimba kwa kujificha, mahali ambapo hakuna anayeandika majina. Na kama majina hayakuandikwa juu, wakati wa kufukua utajuaje ni wangapi wako chini?

Lakini kibali kikichelewa, meseji haihitaji kibali. Wewe uliye huko, au unayepanda gari kesho, andika nyumbani mambo manne: jina la mahali na la mwenye shimo, namba za watu wawili mnaofanya nao kazi, unadaiwa nini na nani, na siku gani ya wiki utapiga. Pia acha nakala ya kitambulisho nyumbani. Mwezi ukiwa mkavu, sema ni mkavu. Usichukue Fuliza ili uonekane.

Na wewe uliye nyumbani, ukipata meseji ya "sijapata kitu", usinyamaze. Jibu siku hiyo hiyo. Mwambie nauli ya kurudi itatafutwa, na umaanishe. Shangazi siku hizi anaweka Sh1,500 kando kwa kazi hiyo, kwa sababu binamu yangu anasema mvua ikiisha anarudi.