Rimoti Mbovu Ni Maabara, Walimu Wenzangu!

Leo nimekuja kivingine. Siongelei boom kuchelewa wala sapu za watu. Naongelea rimoti. Ndiyo, hii hii ya TV.

Kikundi chetu cha walimu tarajali kina kengele ya shule ya mfano: mikrokontrola moja, baza na taa tatu za LED. Tukapata wazo la kuongeza rimoti ili mwalimu wa zamu aipige akiwa mlangoni. Hapo maneno yakaanza. Wengine wakasema, "Hayo ni ya mainjinia bwana, sisi tunataka cheti tukafundishe." Wengine wakasema, "Laibrari ipo kwenye neti, kopi, pesti, imeisha hiyo." Mimi nasema hao wote ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Wa kwanza hataki kugusa, wa pili anagusa lakini hataki kuelewa. Na wote wawili wataingia darasani wakiitwa mwalimu wa fizikia!

Nianze na hao wa "mainjinia". Jamani, si tunafundisha mwanga sekondari? Si tunafundisha mawimbi na semikondakta? Mtoto anakariri kwamba kuna mwanga ambao jicho halioni, anauandika kwenye mtihani, anausahau. Ukimuuliza mwalimu anasema shule haina maabara. Sikatai, shule nyingi hazina, na zinastahili kujengewa. Lakini hebu chukua rimoti, ielekeze kwenye kamera ya simu yako, bonyeza kitufe. Kamera ya mbele ndiyo nzuri zaidi, maana nyingi za nyuma zina kichujio. Utaona LED inawaka zambarau hivi. Jicho lako linaishia kama nanomita 700, ile LED inatoa nanomita 940 hivi. Darasa zima limeona infraredi na hamjatumia hata shilingi. Sasa maabara gani ilikosekana hapo?

Halafu uliza swali la pili: jua nalo linatoa infraredi kibao, mbona haliwashi TV? Swali hili lina historia. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti iitwayo Flash-Matic, iliyotumia mwanga wa kawaida kama tochi. Ikawa jua likipiga kwenye TV, stesheni zinaweza kubadilika zenyewe. Fikiria kifaa hicho kwenye jua la Tabora la mwezi wa kumi! Dawa iliyotumika baadaye ni mdundo. LED ya rimoti nyingi inawaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 38. Kile kipokezi chenye miguu mitatu kinachuja mdundo huo tu. Jua linamulika muda wote bila mdundo, kwa hiyo kipokezi kinalipuuza.

Hapa kwetu Unyanyembe tusingepaswa kushangaa. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora iliongozwa na kirangozi, na barghumu ikilia wapagazi walijua cha kufanya. Sauti peke yake haitoshi, lazima pawe na makubaliano ya maana yake. Rimoti ni hivyo hivyo. Chukua lugha ya NEC, ambayo rimoti nyingi za bei rahisi zinaiongea. Inaanza kwa kuwaka milisekunde 9, kisha kimya milisekunde 4.5. Zinafuata biti 32. Kila biti ina mwako mfupi wa kama milisekunde 0.56. Kimya kinachofuata kikiwa kifupi vile vile, hiyo ni sifuri. Kikiwa kirefu, kama milisekunde 1.69, hiyo ni moja. Yaani habari yote iko kwenye urefu wa kimya! Mwalimu wa kompyuta anayefundisha namba za baineri kwa chaki tu, anatafuta nini kingine?

Sasa nije kwa ndugu zangu wa kopi-pesti. Ile laibrari maarufu ya infraredi ya Arduino aliiandika Ken Shirriff mwaka 2009, na namheshimu sana. Siipingi, itumieni. Ninachopinga ni kuigeuza desa. Muulize mkopiaji kwa nini NEC inatuma amri mara mbili, ya pili ikiwa kinyume cha ya kwanza, ataangalia dari. Kumbe ni ukaguzi tu: kipokezi kinalinganisha, zisipopatana kinajua ujumbe umeharibika njiani. Mpe rimoti ya Philips inayotumia RC5, yenye kilohezi 36 na mpangilio tofauti wa biti, atasema kipokezi kimeungua. Mwanafunzi akikuuliza swali kama hilo mbele ya wenzake arobaini, neti haitakuokoa.

Kuna wa tatu wanaojiita wa kisasa: "Infraredi ya kizamani, weka Bluetooth." Haya, nenda kwenye shule ambayo mwanafunzi akikutwa na simu anaitiwa mzazi, kisha unieleze somo lako litaendaje. Infraredi haipiti ukutani, na hilo nalo ni somo. Unaweza kuiziba kwa kiganja, kuiakisi kwa kioo, kupima umbali kwa hatua. Mtoto anaona sababu na matokeo kwa mikono yake.

Na vifaa? Tangu analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012, nyumba nyingi zina rimoti mbili, ya TV na ya king'amuzi. Zikifa zinaishia kwa fundi redio. King'amuzi kibovu kina kipokezi ndani. Hakiki tu miguu yake, maana mpangilio unatofautiana, na kumbuka kwamba kikipokea mdundo, mguu wa kutoa ishara unashuka chini badala ya kupanda. Ukitengeneza kirushi, weka rezista, na ukitaka kifike mbali tumia transista. Usiikamue pini ya mikrokontrola.

Umahiri tumeanza kuuimba tangu mtaala wa 2005. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 nao unauimba. Nani atautekeleza? Ni sisi, tunaogopa kufungua rimoti kwa bisibisi. Huko BTP tutakuta watoto wenye maswali kuliko madesa yetu.

Basi natoa changamoto: kabla hujapanda basi kwenda BTP, fungua rimoti moja mbovu, ujue kila kilichomo na kazi yake. Ukishindwa, usimlaumu waziri. Anayebisha aje, ila aje na hoja, na rimoti mkononi.