Kifusi cha Zege ni Mali

Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Tangu siku hiyo msafiri wa Sengerema au Geita hangoji tena kivuko. Twaona fahari. Lakini kila kazi kubwa ya zege huacha kifusi: vichwa vya nguzo za chini hukatwa, vipande vya majaribio hupondwa, majengo ya kuukuu hubomolewa. Kifusi hicho kikitupwa korongoni, kesho yake kilima kingine cha Mwanza hupasuliwa kutafuta kokoto.

Huo ni upotevu. Zege kuukuu likitolewa nondo, likapondwa na kuchekechwa, hutoa kokoto zifaazo kwa matofali na kwa tabaka la chini la barabara. Wala tusidanganyane: saruji iliyokwisha kuganda haigeuki saruji mpya kwa kupondwa tu, mpya lazima iongezwe. Tena kokoto hizo hunywa maji mengi kuliko za jiwe, basi ziloweshwe kwanza. Na zisitiwe katika nguzo yenye kubeba mzigo kabla hazijapimwa.

Mfanyakazi naye alindwe, kwani vumbi la zege huharibu mapafu.

Twazitaka halmashauri zetu ziandike katika kila mkataba: abomoaye aonyeshe kifusi chaenda wapi. Ndugu wanachama, mali ya umma haikomi kuwa mali ya umma kwa kuvunjika.