Simu Haipigi Kasia

Hapana shaka kuwa namba 115 ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ni neema kwa wajawazito na watoto wachanga. Simu ni bure. Mhudumu aliyeko kituoni huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, humwita dereva wa kijijini aliyejiandikisha, naye hulipwa baada ya kumfikisha mgonjwa.

Lakini tujiulize, ndugu zetu: katika vijiji vya mwambao wa Tanganyika kama Kagunga na Kalya, ambako watu wamezoea kusafiri kwa maji, dereva huyo ni nani? Ni nahodha wa boti. Dumu tupu la mafuta usiku mmoja tu hubatilisha faida yote ya simu ile.

Kwa hiyo tunasema: wenye boti wajiandikishe, na kila kijiji kiweke akiba ya mafuta isiyoguswa kwa uvuvi wala biashara. Wajibu wa namna hii maulamaa huuita fardhi kifaya: wakiutekeleza baadhi, wengine husalimika, ukiachwa, dhambi ni ya wote. Mwenye uchungu hasubiri kikao.