Asilimia Mbili Isiyosomeka

Kila halmashauri ya Tanzania Bara, za Kibaha na Kisarawe zikiwamo, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme tangazo la mikopo hiyo limewekwa mtandaoni, na mkazi wa Maneromango asiyeona amelifungua kwenye simu yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Anagusa ukurasa. Simu inanyamaza, au inatamka neno moja tu: picha.

Kisa cha hayo ni safari ya karatasi. Tangazo huchapwa kwenye kompyuta, huprintiwa, husainiwa, hugongwa mhuri, kisha huskaniwa. Kwa anayeona, ni barua ileile. Kwa programu, herufi zimekwisha. Kibaha kuna mtaa uitwao Picha ya Ndege. Kwa programu hiyo, barua iliyoskaniwa na picha ya ndege ni kitu kimoja. Na kinachoniuma ni kwamba nakala inayosomeka ilikuwapo tangu mwanzo, kwenye kompyuta ya katibu muhtasi. Tumeifunga wenyewe.

Watumishi wana hoja, nami siidharau. Tangazo lisilo na mhuri wala sahihi hutiliwa shaka, hasa wakati huu ambapo matapeli wa mikopo wamejaa mitandaoni. Basi ziwekwe nakala mbili kwenye tovuti ileile ya halmashauri: yenye mhuri kwa anayeutaka, na ya maandishi kwa anayesikiliza.

Hoja ya gharama ndiyo siikubali. NVDA, programu ya kusoma skrini kwenye kompyuta iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, hutolewa bure, na simu nyingi za Android huja na programu kama hiyo, TalkBack, ndani yake. Inayobaki ni kazi ya mwandishi wa waraka: kichwa cha habari kiwekwe kwa mtindo wa kichwa badala ya kukolezwa wino tu, picha ipewe maelezo mafupi, jedwali liwe jedwali kweli, lisipangwe kwa nafasi tupu. Ni kweli kwamba si kila asiyeona ana simu janja, na kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama waraka wa maandishi pekee hautoshi. Hayo yanadai kazi zaidi. Hayahalalishi kuacha lile linalowezekana leo.

Kuna wanaouliza: si atasomewa na nduguye? Atasomewa, naam. Lakini fomu ya mkopo hutaja kipato na madeni, na cheti cha hospitali hutaja ugonjwa. Mtu mzima mwenye familia anayelazimika kupitisha siri zake zote kinywani mwa mpwa wake amenyang'anywa kitu ambacho wenzake wanacho bila hata kukiwazia.

Wala kumpa waraka anaoweza kuusoma si hisani: Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Wakurugenzi wa Kibaha na Kisarawe, tangazo lijalo la asilimia 2 lianze nanyi. Wekeni nakala ya maandishi kando ya ile yenye mhuri, na kabla hamjaipandisha, mpeni mkazi mmoja asiyeona aijaribu kwenye simu yake.